Jiwe la Kona ya Mahango

Enzi zetu za Kilembe, Krismasi haikuanza kwa nyimbo wala kwa nguo mpya. Ilianza siku ile Tata, yaani baba yetu, alipoingia chini ya pikapu na kubaki huko tangu asubuhi, miguu tu ikionekana, mpaka Mama alipomwita mara ya tatu aje kula. Hapo mimi na mdogo wangu Kule tulijua kwamba safari ya Bwera imefika, na kwamba kwa siku nne au tano hakuna atakayetulazimisha kuoga.

Wenzangu mliokulia bonde lile mtakumbuka. Milima imelibana huku na huku, nyumba za mgodi zimejipanga mistari, na mto Nyamwamba unaguna katikati mchana kutwa. Mvua ikinyesha huko juu, mawe yaligongana mtoni, nasi tulilala tukiyasikia. Watu wa kila kabila walikuwa wamekuja kufanya kazi mgodini, ndiyo maana sisi Wakonzo tuliomba chakula kwa Kikonzo lakini tuligombana kwa Kiswahili. Tata alikuwa fundi wa karakana. Mgodi ulipofungwa wengi walirudi kwao, yeye akabaki katika nyumba ileile, akitengeneza magari ya watu ubavuni mwa nyumba, na lake mwenyewe akilitengeneza mara moja kwa mwaka.

Hatukuwa na vitu vingi vya kuchezea. Tulikata mgomba, tukaukalia, tukateremka nao kilima chenye majani mabichi mpaka suruali zikatoboka, kisha tukapigwa kwa sababu ya suruali. Mpira ulikuwa wa majani makavu ya ndizi yaliyokazwa kwa kamba. Leo mwanangu Brian ana mpira wa ngozi halisi, na mpira huo umekaa juu ya kabati tangu Pasaka. Ukimuuliza kwa nini hachezi, anasema anacheza, na anakuonyesha simu.

Lakini nilitaka kusimulia safari. Njia ya kawaida ya kwenda Bwera kwa bibi yetu, ambaye sote tulimwita Mukaka, ilikuwa ya chini. Unatoka Kasese, unafika Kikorongo penye njia panda, unakata kulia, na ukiondoka asubuhi basi linakufikisha kabla ya jua kuzama. Tata hakuitaka njia hiyo hata siku moja. Sisi alitupitisha juu, kwenye barabara za udongo zilizochimbwa kwa majembe, kutoka Muhokya kupanda Mahango, kuvuka mgongo wa mlima hadi upande wa Kyarumba, kisha kushuka Kisinga taratibu. Tukichoka tulilala hapohapo.

“Huku chini iko afande mingi,” alisema kila mwaka akiwasha injini. “Huku juu iko Mungu moja tu.”

Nilikua nikiamini kwamba baba yangu alikuwa mpenzi wa milima. Nilikuwa mtu mzima tayari Mama aliponiambia, huku akichambua maharage, kwamba gari lile halikuwa na karatasi hata moja, na namba ya nyuma Tata aliiandika mwenyewe kwa rangi iliyobaki mgodini. Kizuizi cha wanajeshi kilikuwa Kikorongo. Basi mandhari yote niliyoyapenda utotoni, ziwa liking'aa chini, mbuga imelala mpaka macho yachoke, ukungu ukitoka kwenye mabonde asubuhi, niliyaona kwa sababu mzee alikuwa anakwepa kizuizi. Sina malalamiko.

Pikapu yenyewe ilikuwa na mlango mmoja uliofungwa kwa mpira wa tyubu. Honi ilikuwa nyaya mbili ambazo Tata aliziunganisha kwa vidole. Nyuma tulipakia godoro, turubai, sufuria mbili, jagi la maji ya radieta, chumvi na sabuni za Mukaka, na kuku mmoja aliyefungwa miguu, ambaye kila mwaka alikuwa zawadi na kila mwaka tulimla njiani. Tulikwenda mwendo ambao mtu mwenye mzigo kichwani angeweza kutupita, na walitupita, na walitusalimu wakipita. Penye maji tulisimama. Penye kivuli tulisimama. Radieta ikichemka tulisimama, na hapo Mama alitandika khanga tukachoma viazi vitamu kwenye majivu. Nyakati za jioni Tata alifunga turubai, upande mmoja kwenye gari na upande mwingine kwenye miti miwili, tukalala wote wanne tumepangana, na asubuhi turubai lilikuwa limelowa umande na nguo zetu zinanuka moshi. Sijalala usingizi mzuri kama ule tena, ingawa sasa nina kitanda kikubwa.

Kila mtu alikuwa na kazi yake. Kule alishika kuku. Mama alipika na kuomba. Mimi, mtoto wa kwanza, nilikuwa mtu wa jiwe.

Kazi ya jiwe ilikuwa hivi. Breki ya mkono ilikufa kabla sijazaliwa, na ile ya mguu ilikuwa na siku zake. Pikapu ilipozimika mlimani, hakuna kitu cha kuishika isirudi nyuma. Kwa hiyo mtu mmoja alitakiwa kuruka, kuokota jiwe kando ya barabara, na kuliweka nyuma ya tairi haraka. Injini ikishika tena, gari haliwezi kumngoja mtu kwenye mwinuko, linakwenda mpaka penye tambarare. Mtu wa jiwe hubaki nyuma, huliondoa jiwe barabarani, hulitupa mtaroni, ndipo hukimbia kulifuata gari. Leo ukisema kazi hiyo ilifanywa na msichana wa miaka kumi, watu watakuitia polisi. Mimi niliipenda kuliko kitu chochote duniani.

Nayo ilikuwa na sheria moja, ya Tata na ya madereva wote wa milima ile. “Jiwe unaweka, jiwe unatoa.” Anayekuja nyuma yako halijui jiwe lako. Tukikuta jiwe la mtu mwingine katikati ya njia, Tata alisimamisha gari, akashuka, akalitupa, akamtukana mwenye nalo na ukoo wake mpaka Mama aseme imetosha. Na kila nilipolifikia gari nikihema na kuparamia nyuma, aliuliza kupitia dirisha lisilo na kioo, “Umetoa?” Nami nikajibu, “Nimetoa.” Gari halikuondoka kabla ya maneno hayo mawili.

Mwaka ninaousimulia zilikuwa zimebaki siku tano kufika Krismasi. Tulikuwa juu ya Mahango, tunaukaribia mgongo wa mlima, na ukungu ulishuka mapema, saa tisa mchana. Kuna kona pale iliyokatwa kwenye mwamba. Upande mmoja ni ukuta, upande wa pili ni bonde. Pikapu ikazimika katikati ya kona hiyohiyo.

Niliruka. Jiwe la karibu lilikuwa kubwa kama kichwa cha mbuzi, nikalisukuma kwa mikono na magoti mpaka likakaa tairini. Tata akafungua boneti, akapuliza bomba la petroli, akatema, akarudi kwenye usukani. Injini ikakohoa, ikashika, gari likaondoka. Nilipogeuka kulichukua jiwe langu, ukungu ulikuwa umefunga kabisa. Sikuona gari, sikumwona Mama wala Kule, nilisikia injini tu ikienda zake. Nikahisi kama wameniacha peke yangu duniani. Nikakimbia.

Nikaruka nyuma ya gari.

“Umetoa?”

“Nimetoa.”

Hivyo tu. Ni neno nililokuwa nimelisema mara mia, na mara zote lilikuwa kweli.

Tulipiga kambi juu kwenye mgongo, mahali tambarare penye nyasi fupi, mwendo wa kama robo saa kutoka kwenye kona. Mama aliwasha moto. Maji ya bundu, ugali wetu wa mhogo, yalikuwa yanachemka wakati wanaume wanane walipotokea upande wa Kyarumba, wamebeba machela tupu ya miti miwili na blanketi. Kwa wasiokulia milimani, machela ndiyo iliyokuwa gari letu la wagonjwa. Wanne wanabeba, wanne wanatembea kando, wanapokezana bila kusimama. Aliyekuwa mbele aliitwa Masereka, mtu mfupi mwenye mabega mapana.

“Shikamoo, Mzee,” alimwambia Tata. “Gari yako iko muzima?”

“Muzima kidogo. Munaenda wapi?”

“Huku bondeni iko mama moja, uchungu imemushika tangu jana. Mutoto hatoki. Tunamupeleka kwa daktari huku Kyarumba.”

Tata akaitazama pikapu, akautazama ukungu. Kugeuza gari kwenye njia ile haikuwezekana.

“Muleteni mpaka hapa,” alisema. “Mimi nitangoja. Kutoka hapa ni kuteremuka tu.”

Wakashukuru, wakakata njia ya mkato kupitia migomba, moja kwa moja kwenda bondeni. Masereka akasema wakiwa wanaondoka kwamba kurudi watapita barabarani, maana mkato ule ni mkali mno kwa machela yenye mtu.

Nilisikia neno hilo vizuri. Barabarani maana yake ni kwenye kona. Kwenye kona kulikuwa na jiwe langu, na ukungu haukuruhusu mtu kuona miguu yake mwenyewe.

Ningesema pale pale. Nimelifikiria jambo hili miaka mingi na sijapata sababu nzuri ya kutosema. Nilikuwa nimeshasema “nimetoa”, na Mama alikuwa ananipakulia. Bundu ya mhogo, maharage, na dagaa kidogo juu. Nikala. Nilijiambia kwamba wataliona. Nilijiambia kwamba jiwe limeshabingirika lenyewe. Kule aliniomba dagaa wangu na nikamnyima. Nilikula sahani nzima, nikailamba.

Tata hakula. Alikuwa anapakua mizigo yote nyuma ya gari, chumvi, sabuni, sufuria, anaiweka kwenye nyasi. Kisha akalitandika godoro letu pale nyuma, akalipiga kwa viganja ili lisambae, akachukua khanga safi ya Mama akaitandika juu yake, akaikunja pembeni ili upepo usiichukue. Alifanya taratibu, kama mtu anayemtandikia mgeni. Nilipoiona ile khanga, niliinuka.

“Tata,” nilisema. “Sikutoa jiwe.”

“Jiwe ya wapi?”

“Ya kwenye kona.”

Nilingoja kofi. Halikuja. Alinitazama kidogo tu, na niliona anahesabu wakati, tangu wanaume walipoondoka mpaka sasa.

“Kimbia,” alisema, naye alikuwa ameshaanza kukimbia.

Tulishuka ndani ya ukungu, yeye mbele, mimi nikifuata mlio wa miguu yake. Tuliwasikia kabla ya kuwaona. Wabeba machela wa kwetu hutembea wakiitikiana ili miguu yao iende pamoja, mmoja anasema, saba wanaitika. Sauti ilikuwa inapanda kuja kwetu, na mimi nilikuwa naomba tufike kabla yao. Kisha tukasikia kitu kama tawi linalovunjika, na mtu akaguna, na kuitikiana kukakatika.

Masereka alikuwa amepiga magoti kwenye kona yangu, mkono mmoja umeshika mti wa machela juu ya bega, hajauachia. Mwenzake alikuwa anaingiza bega lake chini ya mti huo. Wanaume wale walikuwa na miiko yao, na mwiko mkubwa ulisema machela yenye mtu haigusi ardhi kabla ya kufika. Haikugusa. Hatua mbili kando yao ndipo bonde lilipoanzia. Mwanamke aliyekuwa ndani ya blanketi aliuliza kwa Kikonzo kuna nini, na mama mkwe wake, aliyekuwa akifuata nyuma, akamjibu hakuna kitu.

Tata akaingia kwenye mti wa nyuma kumpokea aliyechoka. Wakaanza kupanda. Alipopita karibu yangu alisema neno moja.

“Beba.”

Nilijua anasema nini. Nikainama, nikaliinua lile jiwe, nikalikumbatia tumboni. Lilikuwa na matope na lilikuwa baridi. Nililibeba kutoka kona mpaka kambini, nikisimama kila hatua kumi, mtu mmoja akimkokota Masereka mbele yangu, na hakuna aliyegeuka kunitazama. Hiyo ndiyo adhabu pekee niliyopewa, na nililia njia nzima.

Walimlaza mama yule kwenye godoro letu. Tata akashuka na gari taratibu kuelekea Kyarumba, wanaume wawili wakimfuata kwa miguu, kila mmoja ana jiwe mkononi. Sisi tulibaki na Masereka, kwa sababu hakuweza kutembea. Nyumba yake ilikuwa chini kidogo tu, upande wa pili wa mgongo, lakini kwa mguu ule ilikuwa mbali. Kidole gumba kilikuwa kimevunjika na ukucha haupo. Mama alichemsha maji akatia chumvi ya Mukaka, akanipa kitambaa, akaenda zake kumlaza Kule. Nikaosha.

“Nani aliacha ile jiwe?” Masereka aliuliza. Hakuwa anauliza kwa hasira.

“Ni mimi.”

“Wewe ni mutoto wa ngapi?”

“Wa kwanza. Mimi ni Masika.” Kwetu msichana wa kwanza huitwa hivyo.

“Mimi pia niko na Masika yangu nyumbani,” alisema. “Iko inasahau mbuzi.” Kisha akautazama mguu. “Usilie, mutoto. Mguu itapona. Lakini kahawa ndio imeiva sasa. Mama yao alikufa mwaka jana, na hawa watoto ni wadogo. Nani atanichumia?”

Kwa mtu wa milima ile, buni ikishakuwa nyekundu haingoji. Ikipita siku zake inaanguka, na mtu aliyekuwa anaitegemea kwa mwaka mzima anabaki na miti tu.

Tata alirudi asubuhi, macho mekundu. “Amezaa,” alisema. “Mutoto ya kike. Wote wako wazima.” Mama akapiga vigelegele peke yake pale juu. Kisha Tata akachuchumaa mbele ya Masereka, akautazama mguu uliovimba, akasimama, akatazama kahawa chini kwenye mteremko, nyekundu kila mahali.

“Tutachuma,” alisema.

“Na Krismasi?” Mama akauliza. “Si mama yako anatungoja Bwera?”

“Krismasi itarudi mwaka kesho. Kahawa ya huyu haitarudi.”

Tulihamisha turubai mpaka kwenye uwanja wa Masereka, na hapo ndipo safari yetu ya kupumzika ilipokwamia. Tulichuma siku sita. Unajifunga kikapu kiunoni, unavuta tawi, unachagua nyekundu na kuacha kijani, unaambiwa tena usiguse kijani. Vidole vilinata utomvu mtamu mpaka nyuki wakatufuata. Jioni tulizungusha mashine ya kumenya kwa mkono, mimi na yule Masika mwingine kwa zamu, maganda yakitoka huku na mbegu zikitoka kule. Alikuwa ananizidi mwaka mmoja na alinifundisha kupiga mluzi kwa ganda la buni. Mbuzi aliwasahau kweli, mara mbili. Siku ya Krismasi tulikula bundu na sombe, yaani kisamvu, tukaimba wimbo mmoja, tukarudi shambani. Masereka aliketi mlangoni mguu ukiwa juu ya kigoda, akitoa maagizo ambayo hakuna aliyeyaomba.

Nasema kweli, ilikuwa Krismasi nzuri kuliko zote. Najua sikustahili, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Tulipoondoka, Tata alilipakia lile jiwe nyuma ya gari, upande wangu. Hakueleza. Tulifika Bwera siku mbili baada ya Krismasi. Mukaka alikuwa amenuna, mbuzi wa Krismasi ameliwa na majirani, kimebaki kichwa. Alipoliona jiwe akauliza ndio zawadi gani hii kutoka Kilembe. Kisha akalichukua mwenyewe, akaliweka kwenye mlango wa jiko ambao ulikuwa haukai wazi, na huko likabaki. Kidole cha Masereka hakikunyooka tena. Miaka iliyofuata, kila aliposhuka gulioni Mpondwe siku ya soko, nasi tukiwa hapo jirani Bwera, alipita kutusalimu akichechemea kidogo, na aliniita Masika wa Jiwe hata nilipokuwa nimeshaolewa. Amekwisha kufariki, Mungu amlaze pema.

Desemba iliyopita niliamua kuwapitisha wanangu njia ile. Sasa barabara ya chini ni lami tupu, Kasese hadi Bwera ni muda wa kusikiliza mahubiri mafupi redioni. Nao wakauliza, kwa haki kabisa, kwa nini tuzunguke. Brian ana miaka kumi na mitano, dada yake Doreen ana kumi na mmoja. Nilisema tunakwenda kupiga kambi. Baba yao akasema ana kazi nyingi, tutakutana Bwera.

Vijana wa leo nawapenda, lakini wana mambo. Hema tulilonunua lilikuja na karatasi ya maelezo, na Brian alitumia saa nzima kutafuta fimbo ipi inaingia wapi, akaishia kulilaumu hema. Mtandao ulipopotea baada ya Muhokya alinyamaza kama mtu aliyefiwa. Doreen aliuliza choo kiko wapi, nikamwonyesha mlima. Niliwapa bundu, wakaipiga picha kwanza. Viazi vya majivu walisema vina uchafu, kisha wakala saba. Na kila niliposimamisha gari kwenye mwinuko niliwaamuru waweke jiwe nyuma ya tairi.

“Mama, gari hii ina breki ya mkono,” Brian alisema.

“Naijua. Weka jiwe.”

Hakuweka. Aliyeweka ni Doreen, na alionekana kuipenda kazi hiyo, ingawa hakusema.

Siku ya pili tulisimama kwenye kona. Wameipanua kidogo, lakini mwamba ni uleule na bonde ni lilelile. Ukungu ulikuwa umeanza. Nilishuka, nikasimama mahali Masereka alipopigia magoti, na sikuwaambia wanangu kitu, kwa sababu sijawahi kumsimulia mtu. Brian alipiga picha zake. Kisha manyunyu yakaanza, tukakimbilia garini, nikaondoa gari mara moja kabla udongo haujalainika.

Hatukuwa tumekwenda hata mita mia. Sijui kilichonituma. Nilimtazama Doreen kwenye kioo, nikasikia sauti yangu ikiuliza kwa namna ya Tata.

“Umetoa?”

“Hapana, Mama,” alisema. “Nimesahau. Simama.”

Nilisimama. Alifungua mlango kabla sijazima injini, akatoka kwenye mvua, akarudi nyuma kwa mbio ndani ya ukungu, peke yake. Nilimfuata. Nilimkuta ameshaliinua, jiwe jeusi lenye matope, amelikumbatia kwenye ile jaketi yake nyeupe aliyonisumbua miezi mitatu nimnunulie. Aliuliza alitupe wapi. Nilishindwa kumjibu, kwa hiyo akadhani nimekasirika, akalibeba mpaka kwenye gari.

Tata yu hai, anaishi Bwera kwenye nyumba ya Mukaka. Macho yake yamepungua nguvu lakini masikio yanasikia hata yasiyomhusu. Jioni ile nilimsimulia akiwa ameketi kwenye mlango wa jiko, mguu wake ukiegemea lile jiwe la kwanza. Doreen alikuwa ndani anapigania chaji na kaka yake.

“Alisema baada ya muda gani?” aliuliza.

“Nilipouliza tu.”

Alitikisa kichwa, akipapasa jiwe kwa kidole cha mguu.

Sisi wa enzi zetu tunapenda kusema kwamba tulilelewa, na hawa wa leo wamekua tu. Tulikuwa na adabu, tunasema, tulikuwa na woga, mkubwa akiuliza ulijibu ukisimama. Ni kweli, na ningetoa vingi nilivyo navyo ili nilale tena usiku mmoja chini ya turubai lile, Kule ananipiga teke, Mama anaomba, moshi kwenye nguo. Lakini mtoto wangu, wa simu na jaketi nyeupe, aliulizwa mara moja tu akasema kweli na mlango ukiwa umeshafunguliwa.

Mimi nilimaliza sahani yangu kwanza.